Siku Walipoliangusha Jengo la Bima

Asubuhi ile vumbi lilitufuata mpaka kwenye vikombe. Ng'ambo ya barabara, jengo la kampuni ya bima, lililokuwa na nguzo za mawe na madirisha marefu, lilikuwa limebaki kifusi. Sisi tulikuwa kwenye benchi letu: Redio fundi viatu, Wakili kinyozi asiyekubali kushindwa hoja, mimi, na Mzee Lifti, aliyeendesha lifti ya jengo lile tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kahawa yake hakuigusa.

— Mnajua kwa nini wamelivunja? — Redio alianza. — Chini kuna handaki la dhahabu.

— Acha fiksi! — Wakili akadakia. — Kampuni ile ilijenga kila mji, majengo mapacha watupu. Ukipiga hodi huku, unaitikiwa kule.

— Kwa hiyo? — Redio akauliza.

— Kwa hiyo hili likianguka, na yale mengine yanafuata yenyewe. Subiri taarifa ya habari.

— Kumbe ndiyo maana nyumba ya mama mkwe imepata ufa!

Tukacheka. Mzee Lifti hakucheka.

— Mke wangu nilimpata mle ndani, — alisema taratibu. — Alikuwa anapiga deki ghorofa ya nne. Lifti anaiogopa, anapanda ngazi na ndoo yake. Nikambembeleza weee! Siku aliyokubali kuingia, alinishika mkono mpaka juu, macho kayafumba.

— Mungu amrehemu, — nikasema.

— Tangu atutoke, nakaa hapa natazama madirisha yale ya juu. Najiona kama namsubiri atoke kazini. Sasa nitazame nini, jamani?

Redio akainamisha kichwa. Wakili akamsogezea mzee kikombe chake.

Hapo akatokea mama mmoja mgeni, begi mkononi, uso umechoka na safari.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Natoka mbali. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi. Kwetu pia kuna jengo la bima, lakini yeye alikuwa akisema la kwake liko huku, ndilo alilochonga maua juu ya mlango wake. Nataka niyaguse tu, nirudi. Eti, ndilo lipi?

Tukatazamana. Hakuna aliyethubutu kunyoosha kidole. Mzee Lifti akainuka, akampokea begi.

— Keti kwanza, mwanangu.

Akaketi, macho yake yakipita kwenye majengo yaliyosimama, moja baada ya jingine.