Nelson Parmuat na Pikipiki Isiyo na Kiti

Wengi waliohudhuria leo walimjua marehemu kwa udugu, kwa ujirani au kwa kanisa. Shemeji yake, Hiram Ngigi, alimjua kwa kumuuzia kitu. Februari 2004, kwenye uwanja wake wa pikipiki kuukuu pale Kitengela, Hiram alikuwa na moja iliyomkalia kama mgeni asiyeaga: pikipiki ya mashindano ya kupanda mawe, nyembamba, isiyo na kiti. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio mwanzo hadi mwisho, na akigusa chini kwa mguu anapoteza alama. Vijana wa uwanja walivuta choki, ile ya kuongezea injini baridi petroli, na kupiga kiki mpaka mashati yakalowa. Haikuwaka. Watu wa boda walipita wakiuliza abiria atakaa wapi.

Parmuat alifika kutoka upande wa Kajiado, akafungua plagi, akainusa, akairudisha. Hakusema neno. Hiram alitaka alipwe mtamba. Parmuat akamjibu, "Hii imekufa, mzee, na mtamba wangu yuko hai." Walishikana mikono kwa kondoo dume wawili, pikipiki ikapakiwa kwenye pikapu. Pikapu ikasimama mbele ya kona, na kabla chai ya Hiram haijapoa akasikia injini ikilia, safi kabisa. Ilikuwa imelewa petroli tu. Parmuat alikuwa ameilaza ubavu, akapiga kiki bila plagi hadi ikakauka.

Hiram alipomfuata Kajiado, watu walidhani anaenda kugombana. Alienda kumpa kazi. "Mtu anayejua kunyamaza hivyo," alimwambia, "afadhali anyamaze upande wangu."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1978 karibu na mji wa Kajiado, mwana wa pili wa marehemu Mzee Koikai na Mama Zipporah. Alisoma shule ya msingi huko huko, akaingia sekondari, lakini mwaka 1996, akiwa kidato cha pili, ng'ombe wa karo wakaisha na masomo yakaishia hapo. Alijifunza ufundi kwa Gitonga, aliyetengeneza malori pale Kona Baridi. Asubuhi za baridi za kule zilimfundisha kwamba injini haipendi kuharakishwa.

Karakana aliyofungua kwenye kiwanja cha Hiram ilijulikana na kila mwenye pikipiki ya kupanda mawe. Ni injini zisizofanana na za boda: oili huchanganywa na petroli kabla ya kuingia kwenye tangi, na anayesahau hilo anaua injini. Parmuat alichanganyia kwenye chupa nyeupe ili aone rangi. Hakugusa skrubu ya hewa kabla chuma hakijapata moto. Kisha aliizungusha kidogo kidogo, amefumba macho, mpaka sauti itulie. Mteja akimsukuma, alimwambia aende akanywe soda.

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Nyawira, dada yake Hiram. Kwenye mazungumzo ya mahari Hiram alibana kweli kweli, mpaka mjomba wa Parmuat akauliza kama huyu dada anakuja na vipuri. Wazee walicheka, bei ikalegea. Nyawira hakuipenda harufu ya petroli hata siku moja, na mumewe alioga kwanza ndipo aguse chakula. Mungu aliwajalia Kakenya na Hillary.

Ugonjwa aliuficha. Kifua kilipombana alisema ni gesi, akala dawa za tumbo, akaendelea kupiga kiki. Novemba 2023 alianguka kando ya meza yake ya kazi. Daktari alisema moyo umepanuka, na umechoka kitambo. Kiki ilikatazwa kabisa.

Hiram ni mtu wa biashara na hakuzungusha maneno. Karakana bila fundi ni nafasi iliyolala, na kulikuwa na muuza magurudumu aliyetaka kuikodi. Parmuat aliomba jambo moja.

"Ngoja mpaka Mama Kakenya awashe ile pikipiki uliyoniuzia na kuitengeneza sauti peke yake."

"Na akishindwa?"

"Mpe mtu wa magurudumu."

Kwa hiyo Nyawira alianza kujifunza, mumewe akiwa kwenye kiti, amefunikwa shuka. Kiki ilimrudishia mguu hadi ukavimba. "Baba Kakenya, hii kitu inanichukia," alimwambia siku moja. Akamjibu, "Haikuchukii. Uko na haraka. Unaivutia choki na bado iko moto."

Tarehe 3 Juni 2025 alilazwa hospitalini Kajiado. Asubuhi ya tarehe 11, yenye baridi, Nyawira alienda karakana. Hiram alikuwepo, mikono mfukoni. Nyawira alichanganya oili, akafungua petroli, akavuta choki, akasukuma kiki polepole kwa mguu mpaka akahisi inakataa, ndipo akakanyaga. Ikakohoa, ikazima. Akarudia. Ikashika. Aliiacha ipate moto, akarudisha choki, akaigeuza skrubu, kisha akapiga simu wodini na kuisogeza simu karibu na injini.

Parmuat alisikiliza kwa muda. "Iko juu," alisema. "Rudisha kidogo." Nyawira akarudisha. "Hapo."

Alifariki jioni hiyo.

Ameacha mjane, Nyawira. Watoto, Kakenya na Hillary. Mama mzazi, Zipporah. Ndugu, mashemeji na wateja wengi.

Muuza magurudumu ameambiwa atafute kwingine. Nyawira amepata karakana, na amebaki bila mtu wa kumwambia sauti imekaa sawa. Hiram amepoteza kodi, nayo kodi hutafutwa ikapatikana. Chai ya saa nne sasa anakunywa amesimama, kwa sababu benchi alilokuwa akilikalia na Parmuat lilikuwa la watu wawili.

Lala salama, Parmuat. Mungu akupokee na akupumzishe.