Kiwanja Alichochagua Adeer Hamze

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, Hamze Warsame anastaafu baada ya kuitunza Bustani ya Mwarobaini kwa miaka thelathini. Sote humwita adeer, kama tunavyowaita ami zetu. Nimeombwa na wenzangu wa manispaa nimwandikie kwaheri ya uchangamfu. Nitajaribu, ila jamani, nimekasirika.

Alipoajiriwa, bustani tayari ilikuwa ya kale, imepandwa enzi za Mkoloni kando ya Tana. Mimi naishi ng'ambo ya barabara, na Ijumaa baada ya swala huwapeleka wanangu wakacheze. Wasafiri wa Liboi hungojea basi pale kivulini, na Idi huwa hakuna pa kukanyaga. Hakuna aliyewahi kuulizwa ni mtoto wa nani.

Adeer haogopi mtu. Mbuzi wa mkubwa mmoja alipoingia kula maua, alimfunga mtini mpaka mkubwa akaja mwenyewe kuomba radhi. Tulicheka wiki nzima. Mwaka ule wa ukame alikuwa akirundika matunda ya migunga nje ya lango, wafugaji wa Bura walishe mifugo yao bila kuvunja ua.

Sasa wakubwa wetu wameikata bustani viwanja, wakagawana wao kwa wao. Mali ya umma, mchana kweupe, na haya hawana. Wakamwita Adeer, wakampa naye kiwanja kimoja cha kumuaga, achague apendacho, ili anyamaze. Akakubali. Mimi Saynab, karani wenu, nilimfokea mbele ya watu: hata wewe, Adeer? Aliwafuata wapimaji hadi langoni, akasimama katikati ya njia.

"Mimi nataka hapa," akasema.

Wakaandika bila kufikiri. Lango ni hilo moja tu, na kiwanja chake kimeshika upande wote wa barabara; upande mmoja ni mto, kwingine kuta za majirani. Hati ilipotoka ndipo walipozinduka. Wamembembeleza abadilishe, wamemtisha, wapi. Mwenye kuja kupumzika anapita. Lori la saruji halipiti.

Kwa hiyo asante, Adeer, na unisamehe ukali wangu. Sisi wafanyakazi tumechanga tukakununulia kiti, ukakiweke langoni. Watu wakiagwa huombewa maisha marefu, na aghalabu ni maneno ya sherehe tu. Sisi tunakuombea kwa dhati. Siku utakayotuondokea, malori yataingia.