Upande Usioguswa

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia inawasomea maisha ya dada yetu, ambaye hata wajukuu walimwita Mama Vyura, naye akaitika bila kinyongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mkunga, akafuatiwa na mdogo wake wa kike, ambaye utotoni iligundulika ana figo moja tu, tena dhaifu, habari ambayo daktari aliwaambia wazazi kwa sauti ya chini, na marehemu, akiwa amejibanza nyuma ya pazia, akaisikia yote.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu chuo kikuu mwaka 1983, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara, ambako hadi kustaafu kwake alichunguza jeni zinazoamuru figo ianze kuumbika katika kiinitete cha chura. Chumba chake kilijaa matangi, na mwanga wa maji ulicheza darini mchana kutwa, hata aliyeingia na haraka zake alijikuta anatembea taratibu, kama yuko usingizini. Yai likishagawanyika seli mbili, aliichoma sindano ya kuzima jeni seli moja tu, ile nyingine akaiacha, kwa sababu kila seli hujenga upande wake wa kiluwiluwi, na bila upande usioguswa huwezi kujua umebadilisha nini. Mwaka 2001 alizima jeni moja, upande mmoja ukakosa figo, wa pili ukawa nayo, ya zambarau kwa rangi aliyoitia, imejikunja kama uzi uliodondoka, akalia mbele ya hadubini, maana alikuwa amemwona mdogo wake.

Alifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1987 na mchora ramani, wakajaliwa binti na mvulana, na mume wake ni shahidi kwamba kazi ilimfuata nyumbani, kwani alipaka rangi nusu ya ukuta wa sebule ili aone tofauti, na nusu ya pili inasubiri mpaka leo.

Mwaka 2004 figo ya mdogo wake iligoma kabisa, na marehemu aliumia sana kwamba vyura walikuwa wamempa sababu lakini si dawa, basi tarehe 6 Juni akalala kitanda cha pili, akatoa figo yake ya kushoto, akawatania madaktari kuwa ya kulia anabaki nayo ya kulinganishia.

Alianza kusumbuliwa na moyo Januari 2023, akafariki dunia tarehe 2 Agosti, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa maabara, waliowalisha vyura asubuhi hii kabla ya kuja hapa.

Anayewasomea ndiye huyo mdogo wake, na ile figo ya kushoto imefanya kazi usiku kucha, bila kujua kwamba mwenyewe ameondoka. Pumzika kwa amani, dada, upande wako mmoja bado uko kazini.