Clotelle Gittens, Aliyeliingiza Kanisa Kwenye Upatu

Kanisa halikufungwa! Hata Jumapili moja! Naanza na hilo jamani, maana bibi yangu angenifinya kama ningelificha katikati. Tumekaa leo ndani ya kanisa la Mtakatifu Swithin, kengele imemlilia vizuri, na kengele hiyo ipo kwa sababu ya huyu aliyelala hapa mbele.

Clotelle Eudora Gittens alizaliwa tarehe 14 Agosti 1940 hapa hapa Swaby Hill, Saint Andrew, Barbados, mtoto wa nne wa marehemu Elric na Ianthe Boyce, wakata miwa wa shamba la Bwana Skeete. Alisoma shule ya wasichana ya kijijini mpaka miaka kumi na minne, kisha akajifunza cherehani kwa shangazi yake. Nusu yenu mlioko hapa mlishonewa naye sare za shule, na alikumbuka mpaka mwisho nani alianza kitambi akiwa darasa la tatu.

Kazi yake ya pili ilikuwa upatu. Kila Ijumaa watu walimletea chao, na kila wiki mmoja akachukua chote. Hakuna aliyewahi kurukwa zamu yake.

Tarehe 28 Aprili 1962 aliolewa na Darnley Gittens, dereva wa lori la miwa, aliyemtongoza kwa samaki panzi, siyo maua. "Maua ningekaanga na nini?" bibi alikuwa akisema. Nyumba yao ya mbao ilisimama juu ya mawe kwenye ardhi ya Skeete, kama za karibu wote enzi hizo. Yaani nyumba yako, ardhi yake. Ukimuudhi, ng'oa mbao zako uende.

Sasa shikilieni viti.

Mwaka 1969 redio ikaleta lile neno refu kuhusu serikali na kanisa, refu mpaka mtangazaji akapumulia katikati. Kijiji kikachanganyikiwa. Wengine eti kanisa litakuwa ghala la sukari. Wengine eti ndoa zote zilizofungwa humu zimekufa, na kuna mabwana wawili walianza kutabasamu. Bibi akaenda moja kwa moja kwa Padre Alleyne.

"Padre, hili neno maana yake nini?"

"Maana yake mshahara wangu ulikuwa unatoka serikalini, Clotelle. Sasa wanaacha. Paa, kengele, mimi, hawatulipii tena."

"Hawajasema tufunge?"

"Hawajasema. Ila bila hela tutafunga wenyewe."

Jumapili, Bwana Skeete akasimama kwenye benchi lake la mbele, lile lililokuwa na kijimlango. Akasema atalipa kila kitu yeye. Masharti mawili tu: benchi za mbele zibaki za familia yake, na Padre aache kuhubiri habari za ujira wa wakata miwa. Akageuka. "Kuna mwenye la kusema?"

Karibu waumini wote walikuwa wanalala kwenye ardhi yake.

Bibi akasimama, na mimba ya miezi saba. Babu akamvuta sketi. "Clo, kaa chini. Kaa chini we mwanamke, tutalala wapi?"

Hakukaa. Akasema, "Bwana Skeete, asante sana. Mlipaji mmoja ametoka juzi, na sisi hatujaomba mwingine. Ijumaa naliingiza kanisa kwenye upatu. Litapewa zamu kama mtu, na zamu ya kwanza ni yake."

Hata Padre aliangalia viatu vyake.

"Haya," Skeete akasema. "Tutaona Ijumaa nani atakuja."

Wiki ile babu hakumsemesha. Ijumaa ikafika. Bibi akakaa mlangoni na bakuli lake mapajani. Jua likashuka nyuma ya miwa, bakuli tupu. Watu wakapita barabarani wakitazama pembeni, majirani kabisa, hata salamu hakuna.

"Umetuuza bure, Clo," babu akasema kutoka dirishani.

Ndipo akatokea Bi. Undine Holder, mpishi wa Skeete mwenyewe, aproni bado kiunoni, anatweta.

"Shika upesi, kabla akili haijanirudia!"

"Undine! Na akijua?"

"Ajue tu. Chai yake si naipika mimi?"

Bibi alicheka mpaka akashika tumbo. Na nyuma ya Undine, kumbe wale waliopita wakitazama pembeni walikuwa wanangoja tu mtu wa kwanza! Barabara nzima ikageuka.

Jumatatu amri ikaja: akina Gittens waondoke kabla ya Jumapili. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi watu wakaja na nyundo, wakaibomoa nyumba ubao kwa ubao, wakaipakia kwenye lori la babu, wakaisimamisha upya kwenye kiwanja cha kanisa, ambacho si cha Skeete, kando ya makaburi. Jioni sima ya bamia ilikuwa jikoni. Babu akapigilia msumari wa mwisho, akasema, "Ukisimama tena kanisani, nakufungia ndani ya benchi la Skeete." Hakuweza. Kijimlango kile kiling'olewa mwaka uliofuata, na ndicho mlango wa banda la kuku la bibi mpaka leo.

Babu alitutoka mwaka 2008. Bibi alisumbuliwa na sukari, na mwaka 2021 alikatwa mguu wa kushoto. Akaendelea kupokea upatu kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 10 Februari 2026, nyumbani kwake. Neno lake la mwisho kwetu: "Ijumaa msiniangushe." Hatukumwangusha.

Ameacha watoto watatu: Marva, Elric, na Swithin, ambaye ndiye aliyekuwa tumboni siku ile. Ameacha wajukuu saba, vitukuu wawili, na rafiki yake Bi. Undine, miaka tisini na moja, aliyekaa leo benchi la mbele kabisa.

Hatukuita gari la maiti. Tulimtoa mlangoni kwake, tukamleta kwa miguu, na tulikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza wa wimbo tulipofika.

Lala salama, bibi, uko nyumbani.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, tafadhali mpe mwingine ambaye hakuweza kuja.