Kinyozi Aliyejinyoa kwa Mkono wa Kushoto

Ndugu, jamaa na majirani, wasifu uliochapwa kwenye programu mlizoshika sio huu ninaousoma. Ule uliandikwa na kamati, mimi nikapewa niusome tu. Niliusoma jana jikoni, nikafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu “aliugua kwa muda mrefu akihudumiwa kwa upendo na familia yake yote,” nikauweka chini. Mimi ni binti yake, kitinda mimba, niliyeishi naye nyumba moja hadi mwisho. Maneno hayo hayatatoka kinywani mwangu. Kaka, kaa tu, sitachukua muda mrefu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe, katika chumba cha kupanga nyuma ya stesheni ya treni. Aliyemfuata ni shangazi yetu, aliyeketi hapa mstari wa mbele. Bibi alikuwa akisimulia kwamba marehemu alitoka na nywele nyingi mno, hata mkunga akauliza kama mtoto amekuja na kofia yake.

Alisoma miaka saba tu, katika shule ya msingi iliyokuwa mkabala na stesheni. Hakuwa mbaya wa hesabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye vichwa vya wenzake. Akiwa darasa la tano alimkata nywele jirani yake wa dawati kwa mkasi wa karatasi, katikati ya somo. Mwalimu mkuu alimchapa mbele ya shule nzima. Jioni akamwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia amkate na yeye vilevile.

Mwaka 1968 alianza kujifunza ukinyozi, na mwaka 1974 akafungua duka lake nyuma ya soko: mlango mmoja, viti viwili, na kioo kikubwa kilichopasuka kona. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alijinyoa mwenyewe mbele ya kioo kile. Alisema hawezi kumwomba mtu amwachie shingo yake kama yeye hajajiachia ya kwake siku hiyo. Uso wake haukuguswa na kinyozi mwingine yeyote. Mimi alinifundisha kazi kwa puto. Unalipuliza, unalipaka povu la sabuni, unalinyoa kwa wembe mpaka povu liishe bila puto kupasuka. Nilipasua maputo mpaka majirani wakadhani kila siku kwetu kuna sherehe. Baba hakuwahi kunishika mkono kunisaidia. Alikaa pembeni, akisubiri.

Alifunga ndoa na mama yetu mwaka 1976. Mama alimleta mdogo wake kunyolewa, akalalamika kwamba upande mmoja umezidi, akataka kazi irudiwe. Ikarudiwa. Wiki iliyofuata akamrudisha yule mtoto, ingawa kichwani hakikuwa kimebaki kitu cha kunyoa. Hapo baba akaelewa kwamba shida haikuwa nywele. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi. Mama alifariki mwaka 2011.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa. Tarehe 14 Juni 2022, akiwa amesimama nyuma ya mteja, wembe ulimtoka mkononi ukaanguka sakafuni. Tukadhani umeteleza. Alipoinama kuuokota hakuinuka. Kilikuwa kiharusi. Kiliuchukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikauvuta mdomo upande, na maneno yakamkwama kooni. Akili ilikuwa yake, timamu. Nayasema haya polepole kwa sababu wengi wenu mliokuja kumwona hamkutaka kuyasadiki. Mlizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni kabati.

Aliporudi kutoka hospitali, kaka alimleta mhudumu wa kuishi naye nyumbani, na kwa hilo namshukuru. Mhudumu huyo alilala chumba kimoja na baba. Hakuwa malaika. Alikoroma, alimaliza mkate, na alikuwa na kichekesho kimoja tu, ambacho sote tulikijua kwa moyo. Lakini alikuwa na subira ya ajabu. Neno la kwanza baba alilolitamka akalimaliza baada ya kiharusi lilikuwa jina alilompa mtu huyo: Kobe. Kobe akacheka hadi akakaa chini.

Kobe alikaa upande wa kulia wa baba, ule uliolala, ili baba alazimike kuugeukia. Baba alipotafuta neno, hakumtafutia. Baba alipofunga vifungo vya shati, yeye alitazama dirishani. Nyinyi mkaja na matunda yenu. “Jamani, mzee anateseka na wewe umekaa tu!” Mkamfunga vifungo. Mkamlisha ndizi ambayo angeimenya mwenyewe. Na kila alipojaribu kunyanyuka: “Pumzika, baba. Usijichoshe. Pumzika.”

Puto lilikuwa wazo la baba mwenyewe. Siku moja alinyoosha kidole cha kushoto kwenye sanduku lake la kazi, hakukishusha mpaka nikamletea kila kitu: wembe, brashi, sabuni, na pakiti ya maputo ya zamani. Kobe akapuliza. Baba akanyoa kwa mkono wa kushoto. La kwanza lilipasuka likaturushia povu machoni, la pili likafuata, na jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Miezi ilipita hivyo. Mkono ukaanza kutii, na baba akaweza kusimama akiegemea kiti. Siku puto la kwanza lilipotoka zima, baba alilikalisha mapajani hadi chakula cha jioni, akikataa liondolewe. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, nalo ni kujinyoa mwenyewe mbele ya kioo.

Kabla ya uso wake alitaka kujaribu wa mtu. Kobe akajitolea. Siku hiyo mchana, mwezi Januari, kaka na shangazi waliingia bila kubisha. Wakamkuta Kobe amelaza kichwa kitini, povu hadi masikioni, shavu moja limeshanyolewa, na baba amesimama juu yake na wembe unaotetemeka kooni.

“Mungu wangu! Huyu mhudumu anataka kumuua baba!” kaka akapiga kelele.

“Shingo ni yangu, bosi,” Kobe akasema, bila kugeuza kichwa.

“Nyamaza wewe! Tunakulipa umhudumie mzee, unamfanyisha kazi?”

Kikao kikafanyika hapo hapo. Baba aliwekwa katikati kwenye kiti chake. Akafungua mdomo. “Mi… mi…” Kobe akasubiri. Mimi nikasubiri. Shangazi hakusubiri. “Jamani si mnaona? Anasema amechoka.” Baba akapiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto. Kaka akasema, “Mnaona alivyopaniki? Huyu mtu amemharibu.” Nilibishana mpaka sauti ikanikauka, nikaambiwa nina hasira za mkizi. Kobe akakusanya nguo zake, akatoka mlangoni na shavu moja limenyolewa na jingine lina povu. Shangazi akaufungia wembe kabatini, akaondoka na ufunguo.

Kuanzia hapo mkaja kwa zamu. Na huo ndio upendo uliochapwa kwenye programu. Alioshwa, alivishwa, alilishwa, alifutwa mdomo kabla hajajua kama una uchafu. Hakuachiwa hata kikombe. Maneno yakapungua, kisha yakaisha kabisa. Jambo moja tu alilikataa. Kila aliyemkaribia na mashine ya kunyolea alikutana na meno yaliyobanwa na uso uliogeuzwa ukutani. Ndevu, zisizoguswa tangu kiharusi, zikamfika kifuani. Kinyozi wa miaka zaidi ya arobaini, mbele ya wateja wake waliokuja kumsalimu! Mkanong’ona kwamba amekata tamaa, kwamba ugonjwa umepanda kichwani. Hakukata tamaa. Aligoma. Mlikuwa mnamtazama mtu mzima aliyegoma, mnampa pole.

Jumamosi ya tarehe 13 Mei 2023 nilichukua nyundo nikavunja kufuli la kabati. Nilisikia raha, sitawadanganya. Nikampa baba wembe. Aliutazama, akanitazama, akasema neno lake la kwanza baada ya wiki nyingi: “Kobe.” Nikampigia simu. Alikuwa ameshapata mgonjwa mwingine wa kuishi naye, lakini siku hiyo ilikuwa ya mapumziko yake, akaja. Tulimkalisha baba mbele ya kioo. Nilipunguza ndevu ndefu kwa mkasi baada ya yeye kuniashiria, kisha nikaweka mkasi chini. Kobe akavuta stuli upande wa kulia, akaweka mikono mapajani, akatazama dirishani.

Baba alianza baada ya chai, akamaliza chakula cha mchana kikiwa kimeshapoa. Alijikata kidevuni na karibu na sikio. Nilitaka kumshika mkono, Kobe akanikazia macho, nikaurudisha. Baba alipojitazama kiooni alikuwa yeye, baba yetu, na hata mdomo uliovutwa ulionekana unacheka. Kisha Kobe alipoinuka, baba akaipiga kofi stuli yake. “Kaa,” akasema. Akampaka povu, akamnyoa pande zote mbili, akamfuta kwa taulo, akalikung’uta. “Tayari,” akasema. Hilo ndilo neno alilomwambia kila mteja tangu 1974. Nililia mbele yao bila haya.

Jumanne tarehe 16 Mei, saa sita mchana, kiharusi cha pili kilimkuta usingizini, akafariki. Mnasema jikoni, mkidhani sisikii, kwamba kazi ya kunyoa ndiyo iliyomuua, na kwamba mimi ndiye niliyempa wembe. Daktari alimwambia kaka wazi kwamba wembe hauna hatia. Nami nawaambia wazi: hata angekufa jioni ile ile, ningelivunja kufuli lile.

Jambo la mwisho. Mtakapopita kumuaga, mtaona chini ya taya la kulia kiraka cha mvi kilichobaki. Upande ule hakuwa na hisia, mkono ulipita bila kujua. Jana kamati ilimtuma kijana wenu mochwari na mashine, amsafishe marehemu apendeze. Nilisimama mlangoni nikamrudisha. Kiraka kile kisiguswe na mtu. Ni kazi ya kinyozi, na kinyozi mwenyewe alisema tayari.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, na Kobe. Najua, programu inasema mhudumu hahesabiwi kwenye familia. Kobe yuko kule nyuma karibu na lango, amesimama tangu asubuhi kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Kaka, nyanyuka umpishe. Ndiyo, sasa hivi. Nasubiri, nimefundishwa kusubiri.

Asante, kaka.

Baba, kila mtu alikuambia upumzike wakati hukutaka. Kazi umeimaliza mwenyewe. Sasa pumzika kwa amani.