Stoyna Velkova na Neno la Kutunza

Zamani hapa Kalinovets, kijiji chetu cha Bulgaria, mgonjwa alitunzwa na jirani bila kuombwa. Leo mabinti zetu huvuka nchi kutunza wagonjwa wa wengine, na makufuli ya nyumba zao yanashika kutu.

Stoyna alizaliwa tarehe 3 Novemba 1949, mtoto wa pili wa Marin na Tsona. Alisoma hapa kijijini hadi darasa la nane, kisha akasokota nyuzi katika kiwanda cha sufu mjini Troyan mpaka kilipofungwa mwaka 1998. Aliolewa na Petko Velkov, seremala, mwaka 1971, wakajaliwa binti mmoja, Galina. Petko alifariki mwaka 2003.

Mwaka 2008, akitafuta kazi Uingereza, Stoyna alianza kujifunza Kiingereza kwa mwalimu Rumyana. Kilichomsumbua ni "look after": neno la kwanza ni kutazama, la pili ni baada.

"Utamtazama mtu baada ya nini? Akishakufa?" kaka yake, Tsanko, alimchokoza.

"Yakikaa pamoja maana yake ni kutunza, kaka. Mwalimu alitaka mfano, nikasema namtunza kaka yangu."

"Kwani mimi mbuzi wako?"

"Mbuzi hushukuru."

Tsanko hakutaka aende, maana angebaki peke yake. Siku ya usaili, tarehe 14 Oktoba, aliketi karibu na kompyuta ya maktaba akiomba dada yake ashindwe. Kwenye skrini, mwanamke Mwingereza aliuliza kama angeweza kumtunza bibi asiyetembea. Stoyna alilitambua neno lake, akajibu ndiyo, huku akitikisa kichwa kushoto na kulia, kama Wabulgaria tunavyokubali. Kwa Waingereza huko ni kukataa. Mwanamke akauliza tena. Stoyna akatikisa zaidi.

Tsanko angenyamaza tu, dada angebaki. Lakini aliinuka, akamshika kichwa kwa mikono miwili kisitikisike.

"Jibu sasa, mkaidi wewe!"

Kazi akaipata. Alimtunza bibi yule miaka saba mjini York, akamzika, akarudi kwao akiwa ameridhika.

Januari 2024 alianza kuugua moyo. Alifariki nyumbani kwake tarehe 22 Februari. Ameacha binti yake Galina, wajukuu Desislava na Plamen, na kaka yake. Udongo wa Kalinovets uwe mwepesi juu yake.

Tsanko alimwona mara ya mwisho adhuhuri ya siku iliyotangulia kifo chake, alipompelekea supu ya maharage.

"Chumvi imezidi, kaka," alisema, kisha akasogeza bakuli aongezewe.