Ushahidi wa Ndoa ya Mwalimu Yusuf

Mheshimiwa Mudiri wa skuli, masheikh zangu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi dada zangu upande wa kinamama, assalaam alaykum. Mimi ni Thuwaini bin Hood, shemegi yake marehemu Mwalimu Yusuf, Mwingereza wetu, ambaye maktaba hii ya Ibra inafunguliwa leo kwa jina lake. Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, lakini msitaraji furaha.

Wengi wenu alikusomesheni Kiingereza. Nani kati yenu alijua kwamba alikuwa baroni? Mfalme wao alimpa cheo hicho babu wa babu yake; kikashuka kwa mwana, kikahamia kwa ndugu kwa kuwa mwana alizaa mabinti watupu, na mabinti hawakirithi, mpaka kikamfikia Yusuf kwa barua, hapa hapa Ibra, Oman. Akaitia katika mtoto wa meza, akaenda zake kungoja zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba yetu. Dada yangu Khole, mkewe, akamuuliza, "Sasa nikwite nani?" Akamjibu, "Niite tu chai ikiwa tayari."

Alipofariki, miaka saba sasa, cheo kilikuwa cha mwanawe Hazim, huyu aliyekaa safu ya mbele. Lakini kwao mtoto harithi mpaka ithibitike kuwa wazee wake walioana. Sisi tulifanya kama tunavyofanya: baba yangu akaozesha, kadhi akasoma, tukashuhudia mimi na jirani yetu Sinan, halua ikaliwa. Cheti cha nini? Mji mzima si ulijua?

Basi ikanijia barua ya wakili kutoka kwao. Anataka niape: je, Khole binti Hood aliolewa kweli? Wallahi damu ilinipanda. Mtu aniulize mimi kama dada yangu ni mke au hawara? Nikaichana. Ikaja ya pili, nikaichana nayo, na Sinan nikamkataza asijibu. Nilidhani nalinda heshima ya nyumba yetu.

Hasira hasara, waungwana. Mwaka jana Sinan kafariki; baba na kadhi walikwisha kumtangulia. Mwezi uliopita jawabu limetoka: Hazim hakutambuliwa, ubaroni kapewa binamu wa mbali. La cheo kanisamehe. Kanambia, "Mjomba, mimi mhandisi wa maji, ubaroni nitaupeleka wapi?" Lakini katika jawabu lile mna mstari mmoja unaosema mama yake hakuthibitika kuwa mke. Umeandikwa, na utakaa katika daftari zao tukisha kufa sote. Neno nililokataa hata kuulizwa, nimeliandikisha mwenyewe.

Khole, dada yangu, unanisikia huko? Hujanisemesha tangu siku lilipofika jawabu lile, na ni haki yako. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa, na mbele yao nashuhudia: uliolewa siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, kwa mahari na kwa ridhaa yako, nami nilikuwapo.

Ni hayo tu niliyoulizwa miaka sita nyuma. Asanteni kwa kunivumilia.